Maswali ya Wasomaji: Niiache Simu Janja Nirudi kwenye Kitochi?

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zimetoka sehemu tatu tofauti za nchi, lakini zote zinauliza jambo moja, nalo ni kama mtu anaweza kuachana na simu janja na kurudi kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, ili fedha inayoishia kwenye bando ibaki mfukoni. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye barua alikwisha kufanya hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo itawafaa wengi.

SWALI LA KWANZA

Mhariri, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro na ni mama wa watoto watatu. Mwezi uliopita nilianza kuandika, kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja, kila shilingi niliyoitoa kwa ajili ya bando. Baada ya siku 30 nikakuta nimenunua bando la siku la shilingi 1,000 mara 30, na mara 17 nimeongeza la shilingi 500 jioni kwa kuwa la asubuhi lilikuwa limeisha. Jumla ni shilingi 38,500, wakati kodi ya kibanda changu ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Niliumia sana. Sasa nataka kuiuza simu janja, ninunue kitochi cha shilingi 25,000 na nisahau habari za bando. Mume wangu anasema nitapoteza wateja, kwa sababu wengi hunitumia picha za mishono kwa WhatsApp. Je, nifuate moyo wangu au nimsikilize yeye?

JIBU

Dada yangu, pole kwa maumivu hayo, na hongera kwa daftari lako, kwa kuwa wengi wanaolalamika kwamba bando linaisha haraka hawajawahi kujumlisha wanachotoa kwa mwezi. Shilingi 1,000 ya asubuhi haimshtui mtu, ila 38,500 ikiandikwa karibu na kodi ya kibanda humshtua yeyote.

Kabla ya kuandika jibu hili nilikupigia simu nikakuomba unisomee jambo moja. Nikasikia cherehani ikinyamaza, ukafungua mipangilio ya simu, ukaingia sehemu inayoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani. Programu ya video ilikuwa imetumia karibu GB 11 kwa mwezi mmoja, WhatsApp karibu GB 4, na duka la programu karibu GB 2 kwa kujisasisha lenyewe. Ukakaa kimya kidogo, kisha ukasema, "Hizo video ni katuni za watoto." Nami nikaelewa zile jioni 17 za shilingi 500 zilitoka wapi. Video ya ubora wa kati hula takriban MB 700 kwa saa moja, kwa hiyo GB 11 ni kama saa 15 au 16 kwa mwezi, yaani nusu saa tu kila jioni wakati wewe unapika. Watoto wako hawakufanya kosa lolote, ila hakuna aliyewaambia, wala wewe hukuambiwa, kwamba nusu saa ya katuni inaweza kumaliza bando zima la shilingi 500.

Sasa tazama upande wa kazi. Picha ya mshono ikipita WhatsApp hubanwa na mara nyingi haifikii hata MB moja. Ukipokea picha kumi kila siku kwa mwezi mzima, hazitafika MB 300. Kazi inayokuletea riziki ndiyo inayotumia kidogo kuliko vyote, na ukiiuza simu utakuwa umeifukuza hiyo pamoja na katuni. Kwa hiyo mumeo ana haki katika suala la wateja, nawe una haki katika suala la fedha, na ushauri wangu ni huu: nunua kitochi, lakini simu janja usiiuze.

Kinachopaswa kulindwa kuliko simu yenyewe ni namba yako. Wateja wanaijua, pesa yako ya simu iko juu yake, na imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na namba yako ya NIDA. Simu ni chombo tu cha kuibebea. Hivyo, laini yako kuu ihamie kwenye kitochi, nacho kikae mfukoni au shingoni siku nzima, kwa ajili ya kupiga, kupokea, kutuma na kupokea fedha. Simu janja ibaki kwenye droo ya meza yako ya kazi ikiwa na laini nyingine, ya data peke yake, utakayoisajili kwa jina lako. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#, na fanya hivyo hata kama hununui laini mpya, maana wapo waliokuta laini wasizozijua.

Wengi hawafahamu kwamba WhatsApp haihitaji laini yake kukaa ndani ya simu ileile. Inahitaji namba wakati wa kujisajili tu, inapotuma tarakimu sita za kuthibitisha. Baada ya hapo unaweza kuihamisha laini kwenye kitochi na WhatsApp ikaendelea kwenye simu janja kwa namba ileile wanayoijua wateja, ikitumia data ya laini nyingine au Wi-Fi. Siku ikikudai uthibitishe upya, tarakimu zile zitaingia kwenye kitochi kama ujumbe wa kawaida. Usimpe mtu yeyote tarakimu hizo, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa mtandao au mchungaji wako, kwa sababu mwenye nazo anaweza kuichukua akaunti yako na kuanza kuwaomba wateja wako fedha kwa jina lako.

Ukishapanga hivyo, wape wateja ratiba. Bandika karatasi kibandani na uandike kwenye wasifu wako kwamba picha za mishono hutazamwa asubuhi saa tatu na jioni saa kumi na moja, na anayehitaji jibu la haraka apige. Mteja wa gauni la harusi hatakukimbia kwa sababu ulijibu baada ya saa mbili. Atakukimbia ukimharibia kitambaa.

Kuhusu kitochi chenyewe, kuna mambo madogo yanayowakwaza watu wanaorudi kwake baada ya miaka mingi, na afadhali uyajue kabla ya kulipa. La kwanza ni ukubwa wa laini. Laini ya simu janja nyingi za sasa ni ile ndogo kabisa, na nafasi ya kitochi mara nyingi ni ya laini kubwa, hivyo itakulazimu kuivalisha kile kifremu cha plastiki ilichotolewa siku uliyoinunua. Kama ulikitupa, mafundi wa simu wanavyo. Usiiingize laini ndogo peke yake kwenye tundu kubwa, kwa sababu hunasa, na kuitoa ni kazi ya koleo.

La pili ni majina. Katika simu janja majina ya watu mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya intaneti na si kwenye laini, hivyo ukihamisha laini utakuta kitochi hakina mtu hata mmoja. Tumia sehemu ya kunakili majina kwenda kwenye laini kabla hujaihamisha. Laini ya kawaida hubeba majina takriban 250, kwa hiyo chagua wateja na ndugu, na uwaache wale uliowahifadhi kwa jina la "fundi bomba 2" usiowakumbuka tena. Wengine waandike kwenye daftari.

La tatu ndilo linalowaumiza zaidi. Sanduku la ujumbe la kitochi ni dogo, na likijaa, ujumbe mpya hauingii. Unanunua umeme usiku, fedha inakatwa, na tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 haionekani kwa sababu sanduku limejaa matangazo ya bahati nasibu. Jiwekee desturi ya kufuta ujumbe kila Jumapili, na malipo ya wateja uyaandike daftarini kabla hujafuta, jina, tarehe na kiasi, ili asije mtu akakuambia alikulipa na wewe huna pa kuangalia.

Huduma za fedha zisikutie hofu. Zilizaliwa kwenye simu za aina hii, kwa kuwa M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, simu janja zilikuwa mikononi mwa wachache sana. Zile menyu za nyota na reli hazitumii bando wala intaneti, nazo hufanya kazi hata pale mtandao ulipo dhaifu. Usumbufu wake ni kwamba ukichelewa kuchagua, menyu hukatika na unaanza upya, basi andika namba ya wakala au ya kampuni kwenye karatasi kabla ya kuanza. Lipa kwanza kwa menyu wiki nzima ukiwa bado na simu janja mkononi, ili vidole vizoee.

Tuje kwenye hesabu. Usiamini anayekuambia kwamba kitochi hakina gharama. Leo unapiga kwa WhatsApp kwa kutumia bando, na ukihamia kwenye kitochi itakubidi ununue dakika. Tuseme, kwa mfano tu, kifurushi cha wiki cha dakika na ujumbe unakipata kwa shilingi 2,000, na kifurushi cha wiki cha data kinachotosha picha za mishono na mazungumzo ya maandishi unakipata kwa shilingi 2,500. Kwa wiki nne ni shilingi 18,000. Ukilinganisha na 38,500, unabakiwa na shilingi 20,500 kwa mwezi, na kitochi chako kitakuwa kimejilipa kabla ya mwezi wa pili kwisha. Weka bei halisi za mtandao wako mahali pa hizo zangu, lakini njia ya kupiga hesabu ni hiyo.

Hapo pia utaona kwa nini nimetaja vifurushi vya wiki. Bando la siku linaonekana rahisi kwa kuwa ni shilingi 1,000, lakini kwa kawaida ukigawa bei kwa MB unalipia kila MB kwa bei ya juu kuliko ya bando la wiki au la mwezi, na kilichobaki hupotea muda wake ukiisha. Ni sawa na kununua sukari kwa kijiko. Siwalaumu wanaofanya hivyo, kwa sababu mwenye kipato cha kutwa hununua kwa kutwa, ila wewe umeonyesha kwamba fedha hiyo unayo na inatoka kila siku. Kumbuka vilevile kwamba kanuni ndogo za vifurushi zilizoanza kutumika Aprili 2021 ziliruhusu mteja kuendelea na data iliyobaki endapo atanunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha. Wengi husubiri hadi muda uishe ndipo wanunue, na kwa kufanya hivyo huziacha MB zao zipotee.

Simu ya drooni nayo ifungwe mikanda. Kwenye WhatsApp ingia sehemu ya hifadhi na data, uondoe upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video, ili ufungue unayoitaka mwenyewe; makundi ya harusi na ya ukoo yenye video za asubuhi njema ndiyo yanayokula zile GB 4. Kwenye duka la programu chagua programu zijisasishe kwa Wi-Fi pekee. Kisha, ukimaliza saa yako ya wateja, zima data. Kuifunga droo peke yake hakutoshi, kwa sababu simu iliyowashwa data huendelea kufanya kazi hata kioo kikiwa kimezima.

Katuni sitakuambia uzifute. Watoto wanahitaji raha, na mama anahitaji nusu saa ya kupika kwa utulivu. Ila jaribu kuwawekea video katika ubora wa chini kabisa, maana kwenye kioo kidogo kama hicho mtoto haoni tofauti, na matumizi hushuka hadi chini ya nusu. Kama nyumbani kuna televisheni yenye king'amuzi, waelekee huko.

SWALI LA PILI

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, Dodoma, mwaka wa pili. Natumia hadi shilingi 2,000 kwa siku kwa bando na boom, yaani posho ya mkopo wa elimu ya juu, inaisha kabla ya wakati. Nimeamua kuuza simu ninunue kitochi, na masomo nitafuatilia kwa WhatsApp ya kwenye kompyuta. Naomba baraka zako.

JIBU

Mwanangu, baraka hizo sitakupa. Posho ya mwanafunzi ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo unateketeza sehemu moja ya tano ya posho hiyo kwa bando, na nakubali kwamba hilo lazima likome. Lakini njia uliyoichagua itakukwamisha ndani ya wiki mbili, kwa sababu WhatsApp ya kwenye kompyuta hutegemea simu yenye akaunti hiyo, na simu hiyo isipotumika kwa siku 14 vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa. Ukikaa siku 120 bila kuitumia kabisa, akaunti yenyewe inaweza kufutwa, na kundi la darasa ambamo mhadhiri anabadilisha ukumbi wa mtihani saa nne usiku utakuwa umelikosa.

Baki na simu, ondoa bando. Pakua vitabu na mihadhara ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au maktaba, data ya laini iwe imezimwa, na ununue kifurushi kidogo cha wiki cha ujumbe na makundi kwa ajili ya usiku. Ukijiona huwezi kujizuia, na wengi hawawezi, mwachie mwenzako wa chumba simu yako kuanzia saa tatu usiku ubaki na kitochi cha kupokea simu za nyumbani. Nakuambia hili kwa uzito, kwa kuwa nimewaona vijana walioanza kwa kukopa salio, deni na ada yake vikakatwa kila walipoweka vocha, hadi wakawa wanakula mlo mmoja kwa siku.

SWALI LA TATU

Asalaam alaykum. Mimi ni bibi wa miaka 67, naishi Chake Chake, Pemba. Mwanangu aliye Uingereza kaniletea simu kubwa ili tuonane. Nashukuru, lakini bando analoninunulia linakwisha siku mbili na mimi sifanyi kitu, simu iko chini ya mto wa kulalia tu. Nataka kumrudishia nibaki na kidude changu cha zamani, lakini naogopa atahisi nimeikataa zawadi yake.

JIBU

Wa alaykum salaam, mama, na shikamoo. Nimelichukua neno lako la kwamba huifanyii kitu, nami naliamini, kwa kuwa simu iliyo chini ya mto ikiwa na data iliyowashwa huendelea kupakua picha za makundi, kujisasisha na kupeleka nakala za picha kwenye intaneti bila mwenyewe kuigusa. Mwombe mjukuu aliye karibu akuonyeshe alama ya data, ile ya mishale miwili, na jinsi ya kuizima kwa kidole kimoja. Izoee kama unavyozoea kuzima taa.

Kidude chako cha zamani usikiache, na zawadi usiirudishe. Mazungumzo ya kila siku mwanao akupigie kwa simu ya kawaida kwenye kidude hicho. Wewe unayepokea ukiwa nyumbani hulipi chochote. Gharama ni yake, nayo hupungua akichagua huduma nzuri ya kupiga nje. Simu kubwa iwe ya siku moja ya kuonana uso kwa uso na wajukuu, tuseme Ijumaa, na kifurushi anunue cha siku hiyo tu badala ya kukuwekea bando kubwa linaloyeyuka. Siku nyingine iache imezimwa kabisa, ila betri usiiache ikauke. Ichaji hadi nusu kabla ya kuiweka, itadumu zaidi.

Mwambie pia mpatane saa. Mkionana saa mbili usiku, baada ya sala ya isha, kwake itakuwa saa kumi na moja jioni wakati wao wa baridi, na saa kumi na mbili jioni wakati wao wa joto, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi. Wajukuu watakuwa wamerudi shule na hawajalala.